Upepo ndio mkaushaji: kuanika mboga na matunda nyumbani Dodoma

Tandaza majani ya kunde kwenye ungo mwezi Julai, uyaweke chumbani mwenye madirisha mawili wazi yanayotazamana, na kesho yake jioni yanavunjika kwa kidole. Tandaza majani yale yale juani mwezi Februari, kukiwa na mawingu ya hapa na pale, na siku ya tatu bado yanapindika, yamegeuka kahawia na yananuka kama nyasi zilizolala majini. Jua la Februari si hafifu. Kilichobadilika ni hewa.

Lugha yenyewe inatupotosha kidogo. Tunasema "anika juani" kana kwamba jua ndilo linalokausha. Jua linapasha joto tu. Kinachoyachukua maji na kuondoka nayo ni hewa inayopita juu ya chakula, na hewa hiyo inachukua kwa kadiri ya kiu yake. Hewa ambayo tayari imejaa unyevu haichukui kitu hata iwe ya moto, na hewa kavu iliyosimama pembeni mwa ungo hujaa baada ya muda mfupi na kuacha kufanya kazi mpaka ije nyingine kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kivuli chenye upepo hushinda jua lisilo na upepo, na ndiyo maana Dodoma ni mahali pazuri sana pa kukausha chakula kwa miezi kadhaa ya mwaka, na pagumu kwa miezi mingine.

Joto lina kazi yake katika mchezo huu, nayo ni kuiongezea hewa kiu. Chukua hewa ya asubuhi yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80. Ukiipasha mpaka nyuzi 31 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka mpaka karibu asilimia 42. Ipashe tena mpaka nyuzi 42 na unabaki kama asilimia 23. Yaani kwa kila nyuzi 11 hivi unazoongeza, unyevu unakatika kwa karibu nusu. Usiku mambo hugeuka: hewa inapoa, kiu inakwisha, na chakula kilichokauka nusu mchana kinaanza kunywa unyevu kutoka hewani. Kipande cha nyanya kilichoachwa nje usiku kinarudi nyuma saa kadhaa za kazi, na ndani ya saa hizo kuvu wanapata nafasi. Ingiza vyombo vyako ndani kabla jua halijazama, si baada ya umande kuanguka, na usivitoe asubuhi mpaka kama saa tatu, hewa ikishaanza kukauka.

Kalenda isiyotupenda

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mvua yote ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Mei mpaka Novemba ni ukavu, na katikati yake unakuja upepo unaorusha vumbi la nyekundu mpaka ndani ya kabati. Kwa mkaushaji, huo upepo ni mali.

Shida ni kwamba vyakula havisubiri upepo. Majani ya kunde na mlenda yanajaa shambani Januari mpaka Machi, hewa ikiwa imelowa. Maembe yanaanza Novemba na kuendelea mvua zikiwa zimeshafika. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvuno mmoja unaangukia kwenye mvua. Vinavyofuata kalenda vizuri ni choya (rozela, ile nyekundu ya kutengenezea juisi), ambayo huiva mvua zikiwa zimekwisha, pamoja na nyanya, vitunguu na bamia za umwagiliaji zinazojaa sokoni Majengo na Sabasaba wakati wa kiangazi na kushuka bei mpaka mkulima anaona afadhali azimwage. Kwa hiyo hakuna njia moja ya kukausha inayofaa mwaka mzima. Kuna njia ya kiangazi, ambayo ni ungo, kivuli na upepo. Na kuna njia ya masika, ambayo inahitaji kikaushio (sanduku la kukaushia lililoelezwa huko mbele), tabaka jembamba zaidi na kiasi kidogo kwa wakati mmoja.

Mlenda haupiti majini, kunde inapita

Wageni wa mkoa huu huuliza kwa nini mboga moja huanikwa mbichi na nyingine huchemshwa kwanza. Sababu ziko mbili tofauti.

Jani likichumwa halifi papo hapo. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi, vikila rangi, ladha na vitamini, na vikikaushwa bila kuuawa vinalala tu. Jani la kunde lililokaushwa bichi linakuwa la kijivu baada ya miezi michache na ladha yake inafanana na majani makavu ya kuezekea. Maji ya moto kwa dakika chache huua vimeng'enya hivyo, hulegeza kuta za jani ili maji yatoke upesi, na huondoa sehemu kubwa ya vijidudu na mayai ya wadudu vilivyokuja na mboga kutoka shambani. Nsansa ya Wasukuma, majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, imejengwa juu ya jambo hilo hilo.

Chagua majani machanga, toa vikonyo vigumu, osha mara mbili au tatu mpaka maji yasibakize mchanga chini ya beseni. Chemsha lita 4 za maji na vijiko 2 vya chai vya chumvi. Tia nusu kilo ya majani kwa mara moja, si zaidi, kwa sababu majani mengi yanapoza maji na badala ya kuua vimeng'enya unaviamsha. Maji yakirudi kuchemka, hesabu dakika 2 hadi 3. Toa, tumbukiza kwenye maji baridi kwa muda mfupi kama huo, kamua kidogo, tandaza. Ukiwa na chombo cha kupikia kwa mvuke, ni bora zaidi: dakika 4 hadi 5 juu ya mvuke, na vitamini zinazoyeyuka majini hazitoroki.

Kosa la kawaida hapa ni kuchemsha mpaka mboga iive. Jani lililoiva linashikana na wenzake, linakuwa donge, na donge hukauka nje likabaki bichi ndani. Kosa la pili ni kutia magadi kwenye maji ili rangi ibaki ya kijani. Rangi inabaki kweli, ila magadi yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na majani yanalainika kama uji.

Mlenda ni hadithi nyingine. Utelezi wake, ambao ndio sababu ya kuupika, huyeyuka majini. Ukiuchemsha kabla ya kuanika unamwaga mlenda na kubaki na majani. Kwa hiyo mlenda, ilende kwa Kigogo, huchumwa, husafishwa haraka, hukung'utwa maji na kuanikwa mbichi kivulini. Kwa kuwa vimeng'enya havikuuawa, kasi ndiyo kinga pekee: tabaka moja la majani, ungo ulioinuliwa, upepo chini na juu. Ukikauka kwa siku moja hadi mbili, twanga, chekecha kwa chekeche laini, rudia makapi kinuni. Unga mzuri ni wa kijani iliyofifia. Ukiwa wa kahawia, ulikaa sana kabla ya kukauka au ulianikwa kwenye jua kali.

Jua kali lenyewe ni adui wa mboga za majani. Mwanga wake wa moja kwa moja unavunja karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ndicho kitu cha thamani kubwa kwenye jani. Kivuli chenye upepo, au kikaushio kilichofunikwa kitambaa cheusi juu ya nailoni, huokoa sehemu kubwa yake. Nyanya, bamia na maembe yanavumilia jua zaidi, na kwa matunda joto lenyewe linasaidia.

Katika miezi ya mvua, anza kazi asubuhi ya siku inayoelekea kuwa kavu na usianike zaidi ya kile unachoweza kukitandaza tabaka moja ndani ya nyumba mvua ikija ghafla. Lengo la siku ya kwanza ni jani kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake kabla ya usiku. Likifika hapo, litasubiri kesho bila kuoza. Lisipofika, ni heri kulipika usiku ule ule.

Nyanya, pale hesabu inapouma

Nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi. Kilo 10 zina gramu 600 tu za kitu kisicho maji, na ukizikausha mpaka zibaki na unyevu mdogo unapata kama gramu 650. Watu wengi wakiona hivyo wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa: gramu 6 au 7 za unga wake, yaani kijiko kimoja cha chakula, ni nyanya moja ya wastani ya gramu 100. Kopo la nusu kilo ni nyanya 75 hivi zilizonunuliwa wakati wa bei ya chini na kutumika wakati tenga haligusiki.

Nunua zile ndefu zenye nyama nene na mbegu chache, zilizoiva lakini bado ngumu. Zilizopasuka zipike siku hiyo hiyo. Ufa mmoja ni mlango wa kuvu. Osha, kausha kwa kitambaa, kata kwa kisu kikali kisichoshika kutu katika vipande vya milimita 6 hadi 8. Unene ndio unaoamua kila kitu. Maji ya juu hutoka haraka, ila maji ya katikati lazima yasafiri, na kipande kilichokatwa mara mbili ya unene hakichukui muda mara mbili, kinakaribia mara nne. Kuchanganya vipande vya milimita 5 na vya sentimita moja kwenye wavu mmoja ni kujitafutia balaa, kwa sababu utavitoa vyote siku moja na vile vinene vitaozesha vyembamba ndani ya kopo.

Ukipenda, toa mbegu na majimaji yake uyatumie jikoni. Nyanya itakauka upesi zaidi. Nyunyiza chumvi gramu 10 kwa kilo, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, uache kwa nusu saa kwenye wavu ulioinama ili maji yachuruzike. Panga upande uliokatwa uangalie juu, vipande visigusane. Baada ya saa nne au tano vibandue na kuvigeuza, kwani vikiachwa mpaka jioni vinashika wavu na kuchanika. Kiangazi, kwenye kikaushio, siku mbili zinatosha. Kwenye ungo wa kawaida ni siku tatu, wakati mwingine nne.

Kuna namna tatu za nyanya kuharibika, na kila moja ina sababu yake. Ikiwa nyeusi badala ya nyekundu iliyoiva, ilikauka polepole mno au iliungua mwishoni kwenye joto lililopita nyuzi 65. Ikiota manyoya meupe siku ya pili, usiku iliachwa nje au vipande vilipandana. Ya tatu ndiyo inayodanganya: nje ngumu kama ngozi ya kiatu, ndani mbichi. Hii hutokea pale joto linapokuwa kali sana mwanzoni. Uso wa kipande unakauka na kujifunga kabla maji ya ndani hayajafika, na kuanzia hapo hayana pa kutokea. Anza kwa nyuzi 45 hadi 50, hewa ikipita kwa wingi, ndipo upandishe mpaka 55 au 60 maji ya juu yakishaondoka.

Vitunguu havihitaji kuchemshwa. Kata milimita 3 hadi 5, anika peke yake, mbali na maembe na choya, kwa kuwa harufu yake huhamia kwa jirani na haitoki tena. Bamia kata pingili za sentimita moja.

Maembe, choya, zabibu

Embe lenye nyuzi nyingi likikauka ni kamba. Tumia dodo au aina nyingine yenye nyama laini, limeiva lakini halijalegea, ukate milimita 6 hadi 8. Changanya maji ya limao kikombe kimoja na maji ya kawaida vikombe vinne, loweka vipande dakika 5 hadi 10. Asidi huzuia kugeuka kahawia na kuwapunguzia nguvu bakteria. Siku mbili hadi tatu kwenye kikaushio. Likiwa tayari, linapinda bila kuvunjika, halinati kwenye vidole, na ukilikata na kulibana hakuna tone linalotoka.

Hapa kuna swali zuri: kwa nini embe lenye unyevu wa asilimia 15 linakaa miezi, na jani la kunde lenye unyevu huo huo linaota ukungu? Kuvu hawali maji yote. Wanakunywa yale yaliyo huru tu. Sukari nyingi ya embe imeyashika maji yaliyobaki, kuvu hawayafikii. Jani halina sukari ya kutosha, maji yake yako wazi. Ndiyo maana tunda linaruhusiwa kubaki laini, na mboga ya majani lazima ifike chini ya asilimia 8 hivi, ivunjike, isipinde.

Choya ni rahisi: toa tunda la ndani kwa kipande cha bomba chenye kingo kali, anika majani mazito mekundu yanayolizunguka kivulini siku tatu hadi tano. Zabibu zinasumbua kwa sababu ganda lake limepakwa nta inayozuia maji kutoka. Zichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, kisha kwenye maji baridi, na ganda linapasuka nyufa ndogo. Bila hivyo utasubiri wiki mbili au tatu. Tarajia mbegu, zabibu nyingi zinazolimwa mkoani zilichaguliwa kwa mvinyo, si kwa keki.

Kikaushio cha kutengeneza mwenyewe

Kazi ya kikaushio si kupika. Ni kuiongezea hewa kiu na kuilazimisha ipite. Sanduku lisilo na matundu linapanda joto vizuri sana na halikaushi. Utaona matone yameshika nailoni kwa ndani, na chakula kinaiva kwa mvuke wake chenyewe.

Kwa familia, sanduku la sentimita 120 kwa 60 linatosha. Mbele liwe na kimo cha sentimita 25, nyuma 41, ili mfuniko uiname kwa nyuzi 15 hivi. Sakafu ya bati iliyopakwa rangi nyeusi, ikaachwa juani wiki nzima mpaka harufu ya rangi iishe kabisa. Mbele, chini ya wavu, kata upenyo wa sentimita 60 kwa 3 wa kuingizia hewa. Nyuma, juu kabisa, sentimita 50 kwa 5 wa kutolea. Wa kutokea uwe mkubwa kuliko wa kuingilia. Vyote viwili vifunikwe wavu wa kuzuia nzi, na ule wa juu uwe na kibao cha kusogeza: ukifungua zaidi joto linashuka, ukibana linapanda. Kipimajoto cha bei ndogo ndani ya sanduku kitakuokolea chakula kingi.

Mfuniko uwe wa nailoni ile ya kitalu, inayovumilia jua. Nailoni ya kawaida ya dukani huwa ngumu na kupasuka baada ya miezi michache. Trei zitengenezwe kwa wavu wa plastiki wa dirishani. Hapa tuonye mambo mawili. Chandarua cha kulalia, hata kikuukuu, kina dawa ya kuua mbu na hakifai kugusa chakula. Na wavu wa chuma uliopakwa zinki humenyuka na asidi ya nyanya na embe. Madoa ya kijivu utakayoyaona si uchafu wa kuosha.

Mwelekeo nao una kanuni yake hapa. Dodoma ipo nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Mfuniko uelekee kaskazini miezi hiyo, na kusini kuanzia Oktoba. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya au Marekani yanasema kusini mwaka mzima, na fundi akiyafuata neno kwa neno anapoteza sehemu nzuri ya jua la Juni.

Usilijaze. Mita moja ya mraba ya kikaushio kama hiki, siku nzuri ya kiangazi, huondoa takriban lita moja na nusu hadi mbili za maji. Sanduku letu lina nafasi ya kama mita za mraba 0.7, maana yake lita moja na robo kwa siku. Kilo 2.5 za nyanya zina lita 2.3 za maji: siku mbili. Ukitia kilo 6 utahitaji siku tano, na siku ya tatu zitakuwa zimeshachacha. Hesabu hiyo fanya kabla ya kwenda sokoni.

Kwa wanaotumia ungo au kichanja, kiinue angalau mita moja kutoka ardhini, mbali na barabara ya vumbi na banda la kuku, funika kwa wavu, na miguu ya kichanja isimame ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande.

Vitu ambavyo kuanika tu hakuvisafishi

Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu, na ikishatengenezwa haiondolewi kwa kuanika upya, kupika wala kukaanga kwa kawaida. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu, vikusanywe jioni, na karanga zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani au nyeusi zitupwe. Zisiende kwa kuku wala kwenye mafuta ya kukamua.

Kupima mahindi bila kifaa, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango mpaka robo hivi, ongeza mahindi mpaka nusu, funga, tikisa dakika chache, uache dakika 15. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu unaopita asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isiposhika, endelea kuanika siku moja zaidi kwa usalama. Kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5.

Muhogo mchungu una sumu ya sainaidi, na kuuchana vipande na kuuanika hakuiondoi yote. Menya, loweka siku tatu mpaka ulainike, ponda, kamua, ndipo uanike. Viazi vitamu havina shida hiyo: vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa.

Nyama na samaki tunaviacha nje ya makala haya isipokuwa kwa neno moja: joto la nyuzi 55 la kikaushio cha nyumbani halitoshi kuhakikisha kwamba bakteria wa nyama wanakufa kabla nyama haijakauka. Hesabu zilizo hapa zisitumike kwa nyama.

Baada ya kukauka

Chakula kinachotoka juani bado cha moto kisifungwe. Kiache kipoe nusu saa kivulini, la sivyo mvuke wake utaganda kwenye ukuta wa kopo. Kisipite saa moja, kwa kuwa kinaanza kunywa unyevu.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Hata vipande vilivyokatwa vizuri havikauki sawasawa. Matunda na nyanya jaza chupa ya kioo mpaka theluthi mbili, funga, na kila siku kwa wiki nzima itikise. Unyevu utahama kutoka vipande vibichi kwenda vikavu mpaka vyote vilingane. Ukiona tone au ukungu wa mvuke kwenye kioo, rudisha vyote kwenye kikaushio kwa siku moja. Ukiona kuvu hata kwenye kipande kimoja, tupa chupa nzima. Kuchagua na kutupa kibovu peke yake hakusaidii, maana mizizi ya kuvu haionekani.

Wadudu huja na mayai yaliyotagwa wakati wa kuanika. Kabla ya kufunga, rudisha chakula kwenye kikaushio saa sita mchana, kwa nyuzi 55 hadi 60, saa moja hadi mbili. Mwenye friza akiweke ndani siku mbili hadi tatu.

Chupa za kioo zenye mifuniko inayobana na ndoo za plastiki zenye mifuniko ya kubana ndivyo vyombo vya kuaminika. Mifuko myembamba ya nailoni inaonekana imefunga, lakini unyevu hupita taratibu na wadudu huitoboa. Weka gizani. Gawa katika chupa ndogo ndogo badala ya moja kubwa, ili inayofunguliwa leo isiiharibu ya Machi. Mboga za majani na unga wa mlenda zitumike ndani ya miezi sita hadi minane. Baada ya hapo hazidhuru, ila karotini na ladha vinakuwa vimekwenda.

Jikoni

Majani ya kunde makavu suuza haraka, loweka dakika 20 hadi 30 kwenye maji vuguvugu, uyapike kwa maji hayo hayo mpaka yalainike, ndipo utie karanga iliyotwangwa. Karanga si ladha tu: karotini inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Gramu 50 za majani makavu zinatosha watu wanne.

Mlenda haulowekwi. Chemsha nusu lita ya maji na nyanya na chumvi, punguza moto, nyunyiza unga vijiko vitatu vya chakula kidogo kidogo huku ukipekecha, la sivyo unafanya madonge ambayo hayayeyuki tena. Magadi, ukiyapenda, ncha ya kijiko tu.

Unga wa nyanya usiutie kwenye mafuta ya moto, unaungua kwa sekunde na kuwa mchungu. Kaanga kitunguu, tia maji au tui, ndipo unga ufuate. Na usiumimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa juu ya sufuria inayotoa mvuke. Mvuke unaingia chupani, unga unashikana, na wiki mbili baadaye una jiwe jekundu lenye harufu ya ukungu. Chota kwa kijiko kikavu, funga chupa, kisha ndiyo uisogelee sufuria.